Kaka anataka kunitumia pusete, mavyaa hataki hata kuiona

Nakuandikia kutoka Nyamianda, mjini Uvira. Nina mimba ya miezi saba. Mtoto wangu wa kwanza, ambaye sasa ana miaka mitatu, nilimzaa kwa kupasuliwa, na hospitalini wameniambia huenda na huyu itakuwa hivyo hivyo. Kaka yangu alikuwa kambi ya Nyarugusu, akachukuliwa kwenda Marekani, na sasa anafanya kazi. Anasema zawadi yake kwa mtoto ni pusete, nami nichague kwenye picha anazonitumia kwa simu. Mume wangu ameipenda ile kubwa ya vipande vitatu: kitanda, kiti, na kikapu cha kufunga garini. Mavyaa anasema mtoto si muhogo wa kusukumwa kwenye toroli, na kwamba majirani watasema nimekataa kumbeba mjukuu wake. Mimi nauza ndagala. Natoka asubuhi, narudi jioni, na mgongo unaniuma tangu uzazi wa kwanza. Gari hatuna. Kutoka kwetu hadi barabara kubwa njia ni ya mawe, na kuna mifereji miwili ya kuvuka kwa mbao. Nichague ipi? Au niache kabisa?

Mama mwenye mimba, Nyamianda

Mama mwenzangu, Mungu akufikishe salama. Barua yako imenifurahisha kwa sababu umetaja njia, mifereji, biashara yako na mgongo wako. Wengi wanaouliza kuhusu pusete hutaja bei na rangi, basi. Wewe umenipa vitu vya kujibia.

Nitatoa hukumu kwanza, maelezo yafuate. Ile ya vipande vitatu haiwafai; mwambie baba wa mtoto kwa upole. Kikwembe kitabaki kuwa chombo chako cha njiani. Na pusete unaihitaji kweli, ila kwa kazi ambayo naona hakuna aliyeitaja nyumbani kwenu, yaani kumlaza mtoto pale unapouzia.

Hebu itazame siku yako. Kutoka nyumbani hadi barabara kubwa ni mwendo wa muda mfupi. Lakini mbele ya ndagala unakaa kutwa nzima. Kwa saa zote hizo mtoto yuko wapi? Ama yuko mgongoni huku umeinamia beseni, ama amelazwa juu ya gunia chini ya meza, nzi wakimzunguka, mbabula ya jirani anayekaanga ikifuka kando yake, miguu ya wateja ikipita karibu na kichwa chake. Mama wengi wa mji wetu wanalea hivyo kwa kukosa namna, na mimi simlaumu hata mmoja wao. Nadhani hata mgongo wako haukuchoshwa na ile njia fupi. Umechoshwa na kuinama na kuinuka tangu asubuhi hadi jioni ukiwa na kilo nane au tisa za mtoto nyuma yako. Kwa hiyo swali la kumpelekea kaka si pusete gani inatembea vizuri zaidi. Muulize ni ipi mtoto anaweza kulala ndani yake salama, kivulini, mbele ya macho yako, na ambayo bado utaweza kuifikisha hapo.

Chombo hiki tangu mwanzo kimefuata njia ya mwenye nacho. Mwaka 1733 mbunifu wa bustani William Kent alimtengenezea Duke wa Devonshire, bwana mkubwa wa Uingereza, kigari cha watoto wake kilichovutwa na mnyama mdogo kwenye njia laini za bustani. Zaidi ya miaka 200 baadaye, mwaka 1965, Mwingereza mwingine, Owen Maclaren, mhandisi aliyewahi kushughulikia magurudumu ya ndege za vita, alibuni pusete ya bomba za alumini inayojikunja kama mwavuli na kubebwa kwa mkono mmoja. Kent alimfikiria tajiri mwenye bustani, Maclaren akamfikiria mzazi anayesafiri. Picha unazotumiwa na kaka zinatoka mahali penye lami, njia za waenda kwa miguu, lifti na gari mlangoni. Wewe una mawe, mbao mbili juu ya mifereji, na ukichoka unapanda pikipiki. Anayekuchagulia lazima ayajue hayo.

Ile ya vipande vitatu ina shida tatu kwako. Kitanda chake ni kizuri kwa mtoto mchanga, lakini hutumika mpaka mtoto anapoanza kujigeuza na kutaka kuketi, karibu miezi 6. Mzigo ukitoka Marekani kwa kontena, ukashukia Dar es Salaam, ukavuka Tanzania hadi Kigoma, kisha ukapanda meli hadi bandari ya Kalundu, utakuwa umechukua miezi, na utakapofika huenda mtoto ameshakikataa kitanda hicho. Kikapu cha gari nacho huokoa maisha ya watoto kwenye ajali, lakini kimetengenezwa kikae kimefungwa juu ya kiti cha gari. Ninyi gari hamna, kwa hiyo mtakigeuza kitanda cha mchana. Hapo ndipo pa hatari, maana mtoto mchanga akilala humo kwa saa nyingi kichwa chake huinamia kifuani na njia ya hewa hubanwa. Shida ya tatu ni uzito. Pusete kubwa za namna hiyo zina kilo 12, 15, wakati mwingine zaidi, kabla hujamweka mtoto. Ninafikiria unavyoinyanyua juu ya ule mfereji wa pili ukiwa na mshono wa kupasuliwa, na hapo ndipo hukumu yangu inapotoka.

Utasema, basi nichukue ile nyepesi, ya mwavuli. Hapana, si kwa miezi ya mwanzo. Kiti chake huwa kimepinda, nacho hakishuki kikawa bapa. Mtoto ambaye shingo haijakaza na hawezi kuketi mwenyewe, yaani mpaka karibu miezi 6, anatakiwa kulazwa chali na mgongo ulionyooka. Tena magurudumu yake ni madogo, ya plastiki ngumu. Kwenye changarawe hukwama, na kwenye mwanya kati ya mbao mbili huzama kabisa. Gurudumu la mbele likizama ghafla wewe ukiwa unasukuma, pusete nzima hupinduka mbele pamoja na mtoto.

Inayokufaa iko katikati ya hizo mbili. Mwandikie kaka kwamba unataka fremu moja yenye kiti kimoja, na mgongo wa kiti ushuke mpaka uwe bapa kama kitanda, kisha upandishwe kidogo kidogo mtoto anavyokua. Kiti hicho kimfae tangu kuzaliwa mpaka afikishe angalau kilo 15. Siku hizi zipo hata za kilo 22. Mkanda uwe wa sehemu tano, unaopita mabega yote mawili, kiuno pande zote mbili, na katikati ya miguu. Ule wa kiunoni peke yake mtoto huteleza chini yake. Breki iwe ya kukanyaga mara moja ikashika magurudumu yote ya nyuma. Magurudumu ya nyuma yawe makubwa, ya kipenyo cha sentimita 25 au 30. Uzito wote uwe karibu kilo 10, na ikikunjwa ifungike kwa kufuli yake yenyewe, ili motari akiifunga nyuma ya pikipiki isijifungue barabarani. Anunue yenye alama ya EN 1888 kama imetoka Ulaya, au ASTM F833 kama ni ya Marekani. Hizo ni kanuni za usalama, na zinamaanisha breki, mikanda na fremu vimepimwa kabla ya kuuzwa.

Akipata ambayo kiti chake kinageuka, mtoto akamtazama mama badala ya kutazama mbele, ichukue hiyo hata kama bei imepanda kidogo. Wazo hilo si la jana: mwaka 1889 Mmarekani mweusi wa Baltimore, William Richardson, alipata hati ya uvumbuzi kwa kigari ambacho sehemu ya mtoto iligeuka kumwelekea mzazi. Kwako wewe faida yake ni wazi. Unapima ndagala, unapokea pesa, unarudisha chenji, na uso wa mtoto uko mbele yako muda wote. Akicheua utamwona. Akinyamaza mno utamwona pia.

Magurudumu nataka tuyazungumze zaidi, kwa sababu ndiyo yanayokufa kwanza katika njia zetu. Yapo ya upepo na yapo ya povu gumu. Ya upepo hupunguza mtikisiko wa mawe, na mtoto hulala vizuri zaidi. Ubaya wake ni pancha. Lakini pancha kwetu si msiba. Magurudumu mengi ya pusete za upepo ni ya inchi 12, kipimo kile kile cha baiskeli za watoto, na fundi wa baiskeli ataziba mpira wake kama anavyoziba mingine. Ya povu hayatoboki, ila yakiliwa na mawe huwezi kuyarekebisha. Mimi ningechukua ya upepo. Fremu nayo ina hesabu yake. Chuma ni kizito na hupata kutu karibu na ziwa, lakini kikivunjika fundi yeyote wa kuchomelea atakiunga. Alumini ni nyepesi na haipati kutu, ila kuiunga kunataka mashine ambayo mafundi wengi wa mtaani hawana. Kama usingekuwa na mshono ningekushauri chuma. Kwa hali yako chagua alumini, na mwombe kaka aweke ndani ya mzigo huo huo gurudumu moja la mbele la akiba. Ndilo huvunjika mapema, na hapa hutalipata.

Pima pia mlango wa nyumba yenu kabla hajalipa. Pusete nyingi za kawaida zina upana wa karibu sentimita 60. Isipoingia ndani italala nje kwenye parseli, na ikilala nje haitakuwa yako muda mrefu.

Sasa tuje kwa mavyaa. Katika ugomvi huu nadhani ana haki kuliko anavyopewa. Kumbeba mtoto mwilini si ushamba. Mwaka 1978 huko Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey alianza kuwaweka watoto waliozaliwa kabla ya wakati ngozi kwa ngozi kifuani mwa mama zao, kwa sababu mashine za kuwapasha joto hazikutosha, na mwenzake Héctor Martínez akaiendeleza kazi hiyo. Watoto walinusurika. Leo Shirika la Afya Duniani linaelekeza, katika mwongozo wake wa mwaka 2022, kwamba mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati au mwenye uzito mdogo akae hivyo kati ya saa 8 na 24 kwa siku. Na madaktari wa mifupa wanapenda namna tunavyobeba mgongoni, miguu ya mtoto ikiwa imepanuka na magoti yakiwa juu kuliko makalio, kwa sababu hali hiyo husaidia nyonga kukaa mahali pake. Mavyaa hakusoma mwongozo wowote, na alilijua jambo hilo tangu zamani.

Lakini kuna jambo analosahau: wewe huenda ukapasuliwa. Wiki 6 za mwanzo baada ya operesheni, wauguzi watakuambia usinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wako. Hapo ndipo nakushauri uongee naye, tena mapema, kabla pusete haijafika, mkiwa wawili tu. Mwambie: “Mama, pusete ni ya pale ninapouzia. Njiani mjukuu wako atabebwa, na mpaka nipone, mbebaji ninayemwomba ni wewe.” Usimwambie kwa ujanja. Mwambie kwa sababu ni kweli. Mwanamke anayeogopa kwamba mashine itachukua nafasi yake hubadilika akiona nafasi yake imetajwa kwanza. Majirani wakisema, yeye ndiye atakayewajibu.

Kikwembe nacho kina kanuni zake. Mtoto mchanga abebwe kifuani, wima, uso wake ukionekana na kidevu kisikandamizwe kifuani mwake. Nimeona wachanga waliofungwa mgongoni wakafunikwa mpaka utosini kwa kuogopa vumbi. Usifanye hivyo. Mgongoni ahamie shingo ikishakaza, kwa watoto wengi ni mwezi wa 3 au wa 4. Kosa hilo la kufunika linahamia kwenye pusete, na huko ni baya zaidi. Jua la Uvira unalijua. Mama anatandaza kikwembe juu ya pusete ili mtoto apate kivuli, hewa inafungiwa ndani, joto linapanda kwa haraka, na mtoto hana namna ya kuita. Tafuta kivuli cha mti, cha ukuta au cha mwavuli mkubwa wa sokoni, na juu ya pusete weka chandarua peke yake. Chandarua kitamkinga na nzi wa samaki, na jioni kitamkinga na mbu wa malaria. Mguse shingo mara kwa mara. Ikiwa na jasho, mtoe.

Mbabula ziwe mbali, upande ambao upepo hauleti moshi. Hilo halina mjadala.

Breki usiiamini peke yake. Avenyu zetu nyingi zinashuka kutoka milimani kwenda ziwani, na magari makubwa hupita barabara kuu, RN5, karibu sana na meza za wauzaji. Ukisimamisha pusete, ielekeze ubavu kwenye mteremko na kwenye barabara, ili breki ikilegea isijikute inaelekea kwenye magurudumu ya lori. Weka na jiwe nyuma ya gurudumu. Ukishuka mteremko, funga kitambaa kimoja kati ya mpini na mkono wako. Mfuko wa ndagala usiutundike kwenye mpini hata siku moja. Mtoto akiwa mwepesi na mfuko mzito, pusete huanguka kwa nyuma. Vizito huwekwa kwenye kikapu cha chini, tena si vingi.

Na kwenye ile mifereji miwili usivushe pusete ikiwa na mtoto ndani. Mtoto akiwa tayari kwenye kikwembe, pusete inavushwa tupu, imekunjwa, na mtu mwingine kama ungali na mshono. Nyumbani kwenu kuna mume na kuna mavyaa. Mnaweza pia kuiacha kwa jirani mwaminifu mwenye duka karibu na barabara kubwa, mkamlipa kidogo kwa mwezi, isivuke mfereji kabisa. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia bora kuliko zote, na ingekuwa mimi ningeanza kumtafuta jirani huyo hata kabla ya kumjibu kaka.

Kuna jambo moja ambalo maduka ya huko Bulaya hayana sababu ya kulitaja, na kwetu ni kubwa. Kipindupindu hakijawahi kuondoka Uvira kwa muda mrefu. Gurudumu lililopita kwenye maji ya mfereji likaingizwa ndani ya nyumba limeingiza na vilivyomo kwenye maji hayo. Miezi michache baadaye mtoto huyo huyo atakuwa anatambaa, na kitu atakachokishika kwanza ni gurudumu, kwa kuwa linazunguka. Kila jioni magurudumu yaoshwe nje kwa maji na sabuni, yapanguswe kwa maji yenye klorini kidogo kama mnayo, kisha mwoshaji anawe mikono. Kitambaa cha kiti kiwe cha kuvuliwa na kufuliwa. Kama hakivuliki, usiichukue pusete hiyo, maana harufu ya ndagala itakaa humo mpaka mtoto aanze shule.

Kaka anaweza kuona ni nafuu kununua iliyokwisha kutumika, na si vibaya. Zipo nyingi nzuri, na ndugu wengine huzileta mpaka Bujumbura. Lakini aiangalie kwa macho ya fundi. Mwaka 2009 kampuni ya Maclaren iliita tena pusete zake karibu milioni moja nchini Marekani kwa sababu bawaba za kukunjia zilikuwa zimekata ncha za vidole vya watoto. Dawa yake ilikuwa vifuniko vya bawaba. Pusete za zamani namna hiyo bado zinazunguka kwenye maghala ya vitu vilivyotumika. Akiona bawaba iko wazi, aiache. Na wewe ikikufikia, ijaribu kabla ya mtoto. Chukua bidoni la lita 10, lijaze maji, hiyo ni kilo 10 kamili. Lifunge kwenye kiti kwa mkanda wa pusete. Isukume juu ya mawe, isimamishe kwenye mteremko, kanyaga breki, achia mikono. Ikitembea hata kidogo, fundi aione kwanza. Ikunje na kuikunjua mara nyingi, mtoto wako mkubwa akiwa mbali, maana vidole vya miaka mitatu hupenda kuingia pale pale.

Kuhusu fedha nitakuwa na maneno machache. Linganisheni gharama ya kuinunua huko na kuisafirisha na gharama ya kaka kutuma pesa, nanyi mkaitafuta Bujumbura, ambako mtaigusa kwa mikono na kuisukuma kabla ya kulipa. Mara nyingi hiyo ya pili ni nafuu na ya haraka. Mkiivusha mpakani Kavimvira, ulizeni mapema watu wa forodha, DGDA, na wakaguzi wa OCC wanadai nini juu ya kitu kama hicho, na kila mnacholipa mdai risiti.

Kama hata hivyo haitapatikana kabla ya kujifungua, usihuzunike. Miezi 6 ya mwanzo mtoto anahitaji ziwa lako, mwili wa mtu anayempenda, na mahali safi pa kulala. Beseni pana lililo safi na kavu, lenye godoro jembamba lililokaza, likiwekwa juu ya meza imara yenye ukingo na chandarua juu yake, litafanya kazi hiyo pale unapouzia, mradi usiliache bila mtu. Pusete ikija mtoto akiwa na miezi 7 na anaketi, hata ile nyepesi ya mwavuli itatosha, na kaka atakuwa ameokoa pesa za kukulipia mtu wa kukusaidia wiki zile za mshono. Ukiniuliza mimi, msaidizi huyo ana thamani kuliko magurudumu.

Nina neno pia kwa mama mwingine anayesoma hapa, mwenye mtoto ambaye shingo yake haikazi ingawa miezi imepita, au miguu yake haina nguvu. Kwako pusete imara yenye kiti kinachoshikilia mwili inaweza kuwa ndiyo itakayomfikisha kanisani na shuleni. Usiinunue kwa kukisia. Mpeleke mtoto kwanza kwenye hospitali kuu, na uulize kuhusu kituo cha Heri Kwetu kule Bukavu, ambacho kazi yake ni watu wenye ulemavu.

Turudi kwako, nimalize. Mji wetu umekaa kwenye ukanda mwembamba kati ya milima na ziwa. Aprili 2020 mto Mulongwe ulipofurika, makumi ya watu walikufa na maelfu wakabaki bila nyumba. Ziwa nalo limepanda mara kadhaa likaingia majumbani. Na siku za kukimbia risasi tunazijua. Siku kama hizo hakuna mwenye nafasi ya kukunjua pusete. Kikwembe kimoja safi kikae karibu na kitanda chako kila usiku, na kila mtu mzima wa nyumba hiyo, pamoja na baba, ajue kukifunga.

Nanyi ndugu mlio Marekani, Kanada, Ulaya na Australia, mnaotaka kuwatumia dada zenu pusete: kabla ya kulipa, mwombeni dada awapigie picha ya njia kutoka mlangoni kwake hadi barabara kubwa, na ya mahali anapokaa kutwa. Itazameni hiyo kwanza, ndipo mfungue picha za duka.